Mchina Kasingiziwa: Drili ya Mezani na Uongo Tunaouziana

Jamani, kuna sentensi moja nimeichoka. Nimeichoka kabisa. "Rahisi ghali." Ukisema umenunua kitu cha bei ndogo, hata hujamaliza kueleza ni kitu gani, mtu keshakurushia. Viatu, rahisi ghali. Redio, rahisi ghali. Juzi ikawa zamu ya drili yangu ya mezani, na aliyenirushia ni mwenzangu wa chumba cha habari ambaye nina hakika tangu azaliwe hajatoboa hata tundu la kutundikia kalenda. "Mchina huo," kasema huku anapuliza chai, "subiri miezi mitatu utaniambia." Hajaiona. Hajui ina nguvu kiasi gani wala inafanya kazi gani. Amejua bei tu, na bei ikamtosha kutoa hukumu.

Leo namjibu, yeye na jamii yake yote.

Kwa wasioifahamu, drili ya mezani ni ile drili iliyofungwa kwenye nguzo. Chini ina kitako kizito, katikati ina kimeza cha kuwekea kazi, juu ina mota na mikanda, na pembeni ina mkono wa kuzungusha ili biti ishuke. Ndugu yake ni drili ya mkononi ambayo kila mtu anaijua. Tofauti yao haiko kwenye nguvu. Ya mezani inatoboa wima. Basi. Anayeona hilo ni jambo dogo ajaribu kutoboa matundu manane kwenye vipande viwili vya fletibaa kwa drili ya mkononi, halafu avikutanishe apitishe bolti. Matundu matatu yatakubali. La nne litagoma, utalipanua, na la tano litakuwa limekwenda kuishi mtaa mwingine. Ndiyo maana meza nyingi za mitaani kwetu zinacheza. Fundi anajua kazi yake vizuri tu, ila matundu ameyatoboa kwa jicho na kwa misuli ya mkono.

Yangu nimeinunua Kariakoo kwa laki tatu na kidogo, kiasi ambacho vijana wenzangu wanakitoa kwa simu bila hata kumuaga mtu. Iko kwenye kibaraza cha nyuma ninapopanga, Tabata, na wikiendi natengeneza rafu, stendi za maua za mama mwenye nyumba, na kitanda kimoja ambacho kinaendelea polepole. Siyo mashine ya kiwandani, na sikuinunua nikidhani ni ya kiwandani. Hapo ndipo mimi na watu wa "rahisi ghali" tunapoachana.

Hoja yao ukiikunjua inasema hivi: kama huna hela ya kitu bora, subiri mpaka uwe nayo. Ni ushauri mzuri sana kwa mwenye kipato cha kusubiria. Ripota wa gazeti analipwa kwa namna ambayo akisubiri mashine nzito ya kiwandani atastaafu akiwa bado anasubiri, na mikono yake itakuwa imejifunza kubonyeza kibodi tu. Kwa hiyo mtu wa kawaida hachagui kati ya drili ya laki tatu na ya milioni tatu. Anachagua kati ya drili ya laki tatu na kutokuwa na drili. Hilo wenzetu hawalisemi, maana likisemwa sentensi yao inabaki haina kazi.

Halafu hili neno "Mchina". Mashine nyingi sana za aina hii zinazouzwa madukani Ulaya na Marekani, zenye majina ya Kizungu na rangi nzuri, zimetengenezwa huko huko China. Mzungu naye anamnunua Mchina, ila yeye anaandikiwa kwenye boksi mashine inaweza nini na haiwezi nini, kwa lugha yake. Sisi tunauziwa boksi, tunapewa na maneno ya mdomoni. Mashine ikifa tunamlaumu mtu aliye Shanghai, na yule aliyetuuzia pale Msimbazi anaendelea kuuza.

Nielezeeni hapa niwaonyeshe uongo unapokaa... la, nielezeni nyie kwanza: nani kati yenu amewahi kusoma kibati kilichobandikwa kwenye mota? Kile kibati cha fedha chenye herufi ndogo. Kwenye drili nyingi za bei ndogo kimeandikwa kitu kama wati 350, halafu pembeni yake "S2 15 min". Muuzaji hakigusi kabisa. Yeye anapigapiga kichwa cha mashine kama anayepima tikiti maji anasema, "Bosi hii ni kazi kazi, unapiga asubuhi mpaka jioni." Sasa hiyo S2 siyo mapambo. Ni alama ya kimataifa ya mota za umeme. S1 maana yake mota inaweza kubeba mzigo wake mfululizo. S2 ikifuatiwa na dakika 15 maana yake inaweza kubeba mzigo kamili kwa dakika kumi na tano, kisha izimwe, ipoe kabisa, ndipo irudi kazini. Mtengenezaji kaandika. Kakiri mwenyewe kwamba mashine hii si ya kutwa. Mtu wa dukani ndiye aliyelifuta onyo hilo kwa ulimi, na mnunuzi akaenda kuipiga kazi tangu saa mbili asubuhi. Ikitoa moshi saa nne, nani mwongo hapo?

Kwa hiyo nakubali, tena bila kulazimishwa: kama wewe ni fundi wa madirisha pale Gerezani na una oda ya geti kila siku, mashine ya S2 usiiguse. Hapo rahisi itakuwa ghali kweli. Lakini mimi natoboa tundu moja kwa nusu dakika, napima lingine kwa dakika mbili, nakwenda kunywa maji, najibizana na jirani. Kwa saa nzima mota haijafanya kazi hata dakika kumi. Dakika kumi na tano za Mchina zinanitosha na chenji inabaki. Na kwa wanaoniuliza habari ya LUKU, wati 350 zikizunguka saa nzima bila kusimama hazifiki hata nusu uniti. Pasi ya nguo inakula zaidi.

Kuna kundi jingine, hawa wa "bora mtumba wa nje kuliko mpya wa Kichina". Nawapenda, wana macho ya kuona chuma kizito. Lakini nao wasiimbe tu. Mtumba wa Uingereza au Ujerumani sawa, umeme wao ni voti 230 na mizunguko 50 kama wetu. Wa Japani, voti 100. Wa Marekani, voti 120 na mizunguko 60. Utaambiwa "nunua transfoma kaka, imeisha hiyo". Haijaisha. Transfoma inapunguza voti, haibadilishi mizunguko. Mota ya mizunguko 60 ukiiletea 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na inapata joto ambalo haikuandaliwa kulibeba. Tena hata Japani yenyewe upande wa Tokyo ni 50 na upande wa Osaka ni 60, kwa hiyo hata neno "ya Japani" halijakwambia kitu mpaka usome kibati. Tunarudi pale pale, kwenye kibati.

Nikiwa dukani niliomba boksi lifunguliwe. Kijana wa duka akanitazama kama nimeomba afungue friji ya kwao. Nikasisitiza. Nikashusha ule mhimili wa biti mpaka mwisho, nikautikisa kwa mkono mbele na nyuma. Ule wa kwanza ulicheza kama jino la mtoto. Nikaomba mwingine. Wa pili ukatulia. Nikaweka kijiti cha chuma kilichonyooka kwenye mdomo wa kubania biti, nikazungusha kwa mkono taratibu huku natazama ncha yake inavyokwenda kwenye karatasi. Ikichora duara kubwa, acha. Ikikaa karibu mahali pamoja, beba. Mashine mbili, boksi la aina moja, bei ile ile, na moja ilikuwa ya kutupa! Hicho ndicho unachopunguziwa kwenye bei ndogo, macho ya mkaguzi kiwandani. Basi macho hayo ulete wewe. Dakika ishirini za kukaguliana na kijana aliyenuna haziui.

Sasa sikilizeni hii. Malalamiko makubwa kuhusu drili hizi, na nimeyasikia kwa mafundi watatu tofauti, ni kwamba mdomo wa biti unadondoka wakati mashine inazunguka. "Mchina bwana, kichwa kinaanguka!" Lakini mdomo ule haukufungwa kwa skrubu. Umeshikwa kwa koni, chuma kilichochongoka kikiingia kwenye tundu lililochongoka, na kinachovishika ni ukavu na kubanana tu. Kutoka kiwandani vyote viwili vimepakwa grisi nzito ili visishike kutu baharini. Mtu anavitoa kwenye nailoni, anavichomeka na grisi yake, vinateleza, anatukana taifa zima. Futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, kausha mpaka chuma kilie ukikisugua kwa kidole, rudisha taya za mdomo ndani, gonga mara moja kwa nyundo ya mbao. Wangu haujadondoka hata siku moja. Lakini pia usiufanyishe kazi ya kuchonga kwa pembeni, maana koni imetengenezwa kubeba mzigo wa kushuka chini. Ukiisukuma ubavuni inafunguka, na hilo lingetokea hata kwa mashine ya Mjerumani.

Jambo jingine ambalo mashine inasingiziwa ni kasi. Fungua kifuniko cha juu utakuta puli zenye ngazi na mkanda. Kuhamisha mkanda ndiko kubadili gia. Mashine ndogo ya kasi tano inaanzia kwenye mizunguko mia tano au mia sita kwa dakika na kupanda mpaka elfu mbili na mia tano hivi. Wengi wanaiacha ilivyotoka dukani, kwa kasi yoyote iliyokutwa. Biti ya kawaida ya chuma kigumu ikitoboa chuma laini inataka ukingo wake usafiri kama mita 25 kwa dakika. Piga hesabu, ni ile ile ya mzingo wa duara tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani tukaitupa: biti ya milimita 6 inataka mizunguko kama 1,300, ya milimita 10 kama 800, ya 13 kama 600. Ukiipeleka ya 13 kwa mizunguko elfu mbili inageuka bluu kabla hujameza mate, halafu "biti za Kichina hazina moto". Zimepata moto kupita kiasi, ndilo tatizo! Ingawa kwenye biti nawapa wapinzani wangu pointi moja: zipo takataka kweli. Kama kuna hela ya ziada, iende kwenye biti nzuri na kwenye jiliwa la kubania kazi kabla ya kuota mashine kubwa. Drili ya laki tatu yenye biti kali inaishinda drili ya milioni yenye biti butu, kila siku ya wiki.

Niseme na kuhusu risiti. Yangu imegongwa muhuri wa buluu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mmezoea, mnaona kama ni aya ya kitabu kitakatifu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Anayekwambia "asubuhi mpaka jioni" huku kibati kinasema dakika 15 amekupotosha. Muhuri wa elfu kumi hauwezi kuwa mkubwa kuliko Bunge. Lakini nani amewahi kuipeleka drili mezani kwa wakubwa? Tunakimbilia methali. Methali haiulizi swali, haiombi risiti, haimtaji aliyekuuzia. Ndiyo maana wauzaji nao wanaipenda "rahisi ghali". Ukirudi na mota iliyoungua wanakwambia hiyo hiyo: si ulitaka rahisi?

Hayo ni ya pesa. Ya vidole ndiyo yanayonikera zaidi, na hapa sitanii.

Ndani ya boksi langu kulikuwa na kijitabu. Kina Kiingereza cha kuungaunga, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kipolandi. Kipolandi! Si kwa sababu Mchina anawapenda sana Wapolandi. Ni kwa sababu Umoja wa Ulaya una sheria, inajulikana kama Maelekezo ya Mashine ya mwaka 2006, inayotaka mashine iende na maelezo kwa lugha ya nchi inapouzwa. Hakuna maelezo, haiingii sokoni. Kiswahili hakimo, na hakimo kwa sababu hakuna aliyekidai. Kila tarehe 7 Julai tunavaa batiki tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tangu UNESCO walipoitangaza mwaka 2021. Hotuba ndefu, ngonjera, "Kiswahili lugha ya sayansi na teknolojia". Halafu siku inayofuata kontena linashuka bandarini na mashine zinazoweza kumng'oa mtu kidole, na onyo limeandikwa kwa Kipolandi.

Na maonyo yenyewe ni ya aina ambayo akili ya kawaida haikupi. Glovu, kwa mfano. Mtu mwangalifu anayeogopa kuumia atafanya nini? Atavaa glovu. Na kwenye drili ya mezani glovu ndiyo inayokumaliza, kwa sababu biti ikinasa uzi mmoja wa kitambaa haiachii, inavuta glovu, na mkono umo ndani. Mkono mtupu ungepata mkwaruzo. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, tai, mkufu, rasta zisizofungwa. Au kushika kipande cha bati kwa mkono wakati wa kutoboa. Kinatulia, kinatulia, kinatulia, mpaka biti inapotokeza upande wa pili. Hapo inakamata ukingo wa tundu na bati lote linageuka pangaboi. Kipande kibanwe kwenye jiliwa au kifungwe kwenye kimeza, hakuna njia ya tatu.

Na hili la kwetu kabisa, ambalo hata Mpolandi hana haja nalo sana: umeme. Unatoboa, umeme unakatika. Unasubiri. Unainama kufuta chenga za chuma, unachomeka ufunguo kulegeza biti. Umeme unarudi. Kama swichi ni ile ya kawaida ya kuwasha na kuzima, mashine inaanza kuzunguka na ufunguo ukiwa mdomoni na vidole vyako juu yake. Zipo swichi zinazojiachia zenyewe umeme ukikatika, zenye kitufe cha kijani na chekundu. Umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze. Kabla ya kununua waombe wachomeke, washa, chomoa plagi ukutani, chomeka tena. Ikianza kuzunguka yenyewe, hiyo ni ya nchi ambayo umeme haukatiki. Muuzaji wangu, baada ya miaka yote ya kuuza, alikuwa hajawahi kulifanya jaribio hilo. Alishangaa pamoja na mimi.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya mafundi, msomi yanamhusu nini. Mwalimu Nyerere aliandika "Elimu ya Kujitegemea" mwezi Machi 1967, akataka kila shule iwe na shamba au karakana. Mimi nimesoma shule yenye jengo lililoandikwa "Karakana" mlangoni, ndani kuna madawati mabovu na popo. Sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Vizuri sana, na zitanunuliwa mashine, na nina dau langu kwamba zitanunuliwa za bei ndogo, kwa wingi, kwa zabuni. Sina ugomvi na hilo. Nauliza tu: mtoto wa kidato cha pili atakayesimama mbele ya drili hiyo huko Kasulu au Masasi atasoma onyo la glovu kwa lugha gani?

Mimi yangu nimeitafsiri. Usiku mmoja tu, kurasa nne, nimechapa kwa herufi kubwa na kubandika kwenye kifuniko cha mikanda: Vua glovu na saa. Bana kipande kabla ya kuwasha. Toa ufunguo mdomoni. Umeme ukikatika, zima swichi kwanza. Dakika 15 kazi, kisha iache ipoe. Jumamosi iliyopita nikampelekea muuzaji nakala kumi bure, awe anaziweka kwenye maboksi. Akazisoma zote taratibu, akanirudishia. Anasema zitamfukuzia wateja, hasa hiyo ya dakika 15.